Matamshi ya Kiingereza na Lugha ya Mama: Kutoka London hadi Darasa la Uganda

Mwaka 1761 mwigizaji mmoja kutoka Ireland, Thomas Sheridan, alikwenda Edinburgh kutoa mihadhara juu ya namna ya kusema Kiingereza vizuri. Waliomsikiliza hawakuwa wageni kutoka ng'ambo ya bahari. Walikuwa mabwana wa Scotland, watu waliosoma, ambao nchi yao ilikuwa imeungana na England tangu 1707 na ambao sasa walitaka kupanda vyeo London bila kuchekwa. Miaka thelathini baadaye, 1791, John Walker alichapisha kamusi ya matamshi yenye kanuni za kuwaondolea Waskoti, Waairishi na hata wakazi wa London wenyewe mazoea yao ya kusema, pamoja na maelekezo kwa wageni.

Naanza na Waskoti kwa makusudi. Katika mazungumzo yetu Afrika Mashariki tumezoea kudhani kwamba aibu ya matamshi ilibuniwa kwa ajili yetu, ikapakiwa melini pamoja na Biblia na bunduki. Sivyo. Kazi ya kurekebisha midomo ya watu ilikomaa ndani ya Uingereza yenyewe zaidi ya miaka mia moja kabla ya mmisionari wa kwanza kufika katika ua wa Kabaka Mutesa. Wateja wake wa mwanzo walikuwa Wazungu. Hata Alexander Mackay, aliyefika Buganda mwaka 1878, alikuwa Mskoti.

Swali ninalotaka kulijibu ni rahisi kuliuliza: je, mwalimu anaweza kumfundisha mwanafunzi matamshi ya lugha ya pili bila kuijua, au bila hata kuitaja darasani, lugha ya kwanza ya mwanafunzi huyo? Hoja yangu ni kwamba hawezi, na kwamba wataalamu wa fonetiki waliotengeneza zana za kazi hii walilijua hilo mapema. Baadhi yao walijifunza kutoka kwa Waafrika. Zana zao zilifika kwetu, lakini ujuzi huo ulipotea njiani. Inafaa tujue ulipotelea wapi, kwa sababu gharama yake inalipwa mpaka leo na watoto wanaokaa kimya darasani wakiogopa kufungua kinywa.

Hadi katikati ya karne ya 19, lugha za kigeni katika shule nyingi za Ulaya zilifundishwa kama Kilatini: kanuni za sarufi, orodha ya maneno, tafsiri. Mwanafunzi angeweza kumsoma Shakespeare na asiweze kuomba maji ya kunywa. Mwaka 1882 Mjerumani Wilhelm Viëtor alitoa kijitabu, kwa jina la kubuni, akidai kwamba ufundishaji wa lugha lazima ugeuke na kuanza na lugha inayosemwa. Huko Uingereza Henry Sweet alikuwa amekwisha kuchapisha mwongozo wake wa fonetiki mwaka 1877, na mwaka 1885 akatoa, kwa Kijerumani, kitabu cha Kiingereza cha mazungumzo kwa ajili ya Wajerumani. Mwaka 1886, mjini Paris, Paul Passy na wenzake wakaanzisha chama cha walimu wa fonetiki. Chama hicho ndicho leo Chama cha Kimataifa cha Fonetiki, na alfabeti yake ya kwanza ilitangazwa mwaka 1888.

Wanachama wa mwanzo wa chama hicho walikuwa walimu wa lugha. Hili tunalisahau. Tunapokutana na alama za fonetiki katika mtihani wa mwaka wa kwanza tunaziona kama adhabu iliyotungwa na watu wasiowahi kushika chaki, kumbe zilizaliwa darasani, kwa shida ya mwalimu aliyechoka na tahajia ya Kiingereza isiyosema inachoandika.

Jambo jipya walilolileta watu hawa ni kwamba waliitazama sauti kama kazi ya viungo: ulimi uko wapi, midomo imefanya nini, pumzi inapita au imezuiwa. Tangu Sheridan, kutamka kulikuwa suala la adabu na tabaka. Sasa kukawa suala la ulimi na meno. Na mtu anayeandika kitabu cha Kiingereza kwa Wajerumani hana budi kufikiri juu ya kinywa ambacho Mjerumani anakuja nacho.

Daniel Jones alisoma kwa Passy, kisha mwaka 1907 akaanza kufundisha fonetiki University College London. Kwetu jina lake linajulikana, kama linajulikana, kwa sababu ya kamusi yake ya matamshi ya Kiingereza ya mwaka 1917. Kamusi hiyo nitairudia. Kabla yake kuna habari nyingine ambayo nadhani ni muhimu zaidi, na ambayo mimi sikuwahi kuisikia katika kozi yoyote ya Kiingereza.

Mwaka 1914 Sol Plaatje aliwasili London katika ujumbe wa Waafrika wa Afrika Kusini waliokwenda kupinga Sheria ya Ardhi ya Wenyeji ya mwaka 1913. Plaatje alikuwa mhariri wa magazeti, mkalimani wa zamani wa mahakama ya Mafikeng, na katibu mkuu wa kwanza wa chama ambacho baadaye kiliitwa ANC. Serikali ya Uingereza haikumsikiliza. Jones alimsikiliza, tena kwa maana halisi ya neno: alikaa naye akinukuu sauti za Kitswana moja baada ya nyingine. Mwaka 1916 wawili hao walichapisha pamoja kitabu cha kusomea Kitswana kwa alama za fonetiki, na jina la Plaatje liko juu ya jalada kama mwandishi mwenza. Hakuandikwa kama mtoa habari asiye na jina.

Sasa tazama kitu kimoja kilichokuwa ndani ya Kitswana. Sauti ya l haitokei mbele ya irabu i na u. Mahali hapo hutokea sauti inayosikika kama d. Kwa sikio la Mwingereza hizo ni sauti mbili, kama zilivyo mbili kwetu katika "lawa" na "dawa". Kwa Mtswana ni sauti moja inayobadilika kulingana na jirani yake. Mwaka 1917, akizungumza juu ya mfumo wa sauti za Kitswana, Jones alilitumia neno ambalo leo kila mwanafunzi wa isimu analijua, yaani fonimu. Dhana hiyo hakuibuni yeye; ilitoka kwa Baudouin de Courtenay na wanafunzi wake nchini Urusi. Lakini iliingia katika fonetiki ya Uingereza ikiwa na mfano wa lugha ya Kiafrika, mfano uliotoka kinywani mwa mtu aliyekuwa amekwenda London kudai ardhi.

Habari kama hiyo ilitokea tena miaka ya 1930, safari hii karibu zaidi nasi. Lilias Armstrong wa idara hiyo hiyo alikuwa ametoa mwaka 1926, pamoja na Ida Ward, mwongozo wa kiimbo cha Kiingereza uliotumiwa sana na wageni wanaojifunza lugha hiyo. Baadaye aligeukia Kikuyu, na msaidizi wake wa lugha alikuwa Jomo Kenyatta, aliyekuwa akiishi London wakati huo. Kitabu cha Armstrong juu ya sauti na toni za Kikuyu kilichapishwa mwaka 1940, miaka mitatu baada ya kifo chake. Kwa hiyo idara iliyowafundisha walimu wa dunia namna Kiingereza kinavyopanda na kushuka ndiyo iliyojifunza kutoka kwa Kenyatta namna Kikuyu kinavyopanda na kushuka. Walijua kwamba mwanafunzi si chupa tupu.

Tuje kwenye kamusi. Mwaka 1917 Jones aliyaita matamshi aliyoyaandika kuwa ni ya watu waliosoma katika zile shule kubwa za bweni za Uingereza, ambazo karo yake haikuwa ya kila mtu. Katika toleo la mwaka 1926 akayapa jina jingine, matamshi "yaliyopokewa", na kwa jina hilo yanajulikana hadi leo. Jones alieleza kwamba anaandika anachokisikia, na kwamba hana nia ya kuwa hakimu wa matamshi mazuri na mabaya. Namwamini. Lakini kamusi ikishatoka mikononi mwa mwandishi huwa mali ya anayeishika, na katika makoloni aliyeishika alikuwa mwalimu, mkaguzi na mtahini. Maelezo yakageuka amri. Na BBC ilipoanza matangazo yake ya himaya mwaka 1932, matamshi hayo hayo yalianza kusikika moja kwa moja hewani.

Hapa pana kichekesho kidogo cha historia ya Uganda. Matamshi hayo "yaliyopokewa" mara nyingi hayakupokewa kutoka kwa watu waliokuwa nayo. Mapadri weupe waliofika Buganda mwaka 1879 walikuwa Wafaransa. Kaskazini, tangu mwaka 1910, walikuja wamisionari Waitalia. Babu zetu wengi waliambiwa waseme kama Mwingereza na mtu ambaye Mwingereza mwenyewe angemcheka.

Ujuzi wa akina Jones na Armstrong ulipotelea wapi basi? Sehemu kubwa ilipotelea hapa hapa Kampala. Kuanzia tarehe 1 hadi 13 Januari 1961, Chuo Kikuu cha Makerere, ambacho kilikuwa bado na uhusiano na Chuo Kikuu cha London, kilipokea mkutano wa Jumuiya ya Madola juu ya kufundisha Kiingereza kama lugha ya pili. Uhuru ulikuwa mlangoni: Tanganyika ingeupata Desemba ya mwaka huo, Uganda Oktoba 1962. Serikali mpya zilihitaji walimu wengi na haraka. Robert Phillipson, katika kitabu chake cha mwaka 1992 juu ya ubeberu wa kilugha, anaona katika mkutano huo mihimili mitano ambayo ufundishaji wa Kiingereza uliijengea nyumba yake: Kiingereza kifundishwe kwa Kiingereza peke yake, mwalimu bora ni mzawa wa lugha, kadiri kinavyoanza mapema ndivyo bora, kadiri kinavyofundishwa kwa wingi ndivyo bora, na lugha nyingine zikitumiwa sana, kiwango cha Kiingereza kitashuka.

Phillipson ana wapinzani, na ni haki kusema kwamba mihimili hiyo ameitaja hivyo yeye, haikuandikwa kama amri tano ukutani Makerere. Hata hivyo, aliyesoma shule ya msingi Uganda anaweza kuitambua yote mitano bila kusoma kitabu. Na kwa upande wa matamshi, ule wa kwanza ndio uliofunga mlango. Ukisema kwamba lugha ya mama isitajwe darasani, umemnyang'anya mwalimu taarifa pekee inayomweleza kwa nini mwanafunzi wake anakosea.

Nitoe mfano ambao kila Mganda anaujua na kila asiye Mganda anautumia kutuchekea: l na r.

Watu husema Waganda "hawawezi kutamka r". Neno la Luganda la "leo" ni leero. Limeanza na l na katikati lina r. Kazi ni omulimu. Kazi zikiwa nyingi ni emirimu. Shina ni lile lile, ulimi ni ule ule, na r imetoka bila jasho. Kanuni yake ni nyepesi: baada ya irabu e na i huja r, na kwingineko huja l. Kanuni hiyo imo katika tahajia sanifu ya Luganda iliyokubaliwa mwaka 1947, na mtoto anaifuata kabla hajajua kuandika. Kwa maneno ya Jones, Luganda ina fonimu moja hapo, na sauti mbili zinazogawana maeneo. Ni jambo la aina ile ile aliyoisikia kwa Plaatje mwaka 1915.

Ukiijua kanuni hiyo, makosa ya Mganda katika Kiingereza yanaacha kuwa fujo. Yanatabirika. Neno linaloanza na r litaanza na l, ndiyo maana wali wa Kiingereza, "rice", hugeuka chawa, "lice". "Sorry" itakuwa "solly", kwa kuwa r inafuata o. Lakini "very" itatoka salama kabisa, kwa kuwa imetanguliwa na e. Na "hello", ambayo Mwingereza ameandika kwa l mbili, huelekea kuwa "hero", shujaa, kwa sababu hiyo hiyo ya e. Kuhusu kile kinachotokea kwa neno la Kiingereza la uchaguzi mkuu, wasomaji wa Uganda hawahitaji maelezo, na wengine wamwulize Mganda yeyote kila baada ya miaka mitano.

Sisi tunaosoma Kiswahili tunayo mizani yetu wenyewe ya kupimia jambo hili. Mganda anayejifunza Kiswahili husema "habali" na "kupiga kula", na "mahari" ya binti hugeuka "mahali". Akitaka kusema "sili nyama" utasikia "siri nyama". Kila moja ya hizo unaweza kuitabiri kwa kutazama irabu iliyotangulia. Wenzetu wa Tanzania hucheka, kwa wema lakini hucheka, na ni watu wale wale wanaolalamika kwamba Mwingereza haelewi mkazo wao wanapoutia kila neno la Kiingereza kwenye silabi ya pili kutoka mwisho.

Fikiria sasa mwalimu aliyezuiwa kuitaja Luganda. Amesikia "lice". Anamwambia mtoto arudie: r, r, r. Mtoto anarudia vizuri, kwa sababu ulimi wake unaijua r tangu alipoanza kusema. Mwalimu anaridhika. Dakika mbili baadaye mtoto anasoma sentensi na "lice" inarudi. Mwalimu anahitimisha kwamba mtoto ni mvivu au mkaidi. Katika shule moja niliyosoma, aliyekosea hivyo alisimamishwa mbele na darasa zima likaamriwa limcheke, na wengi wetu tulijifunza kuchagua maneno yasiyo na r hata kama hayakuwa na maana tuliyoitaka. Tiba ilikuwa imeelekezwa kwenye ulimi ilhali ulimi hauumwi. Kinachotakiwa ni kumfundisha mtoto kwamba katika lugha hii ngeni zile sauti mbili hazigawani maeneo, kwamba zinaweza kukaa mahali pamoja na kubadili maana, na kumpa mazoezi pale hasa kanuni yake inapompeleka upande mwingine: r mwanzoni mwa neno, r baada ya a, o na u, l baada ya e na i. Muda unaopotezwa kwenye "very" ungeokolewa.

Na hiyo ni kwa Mganda tu. Mnyankole anayeketi naye dawati moja ana tatizo tofauti, kwa kuwa lugha yake hutumia r karibu kila mahali. Yeye ndiye anayehitaji l. Mwacholi hutofautisha l na r bila shida, ila lugha yake kwa asili haina f wala sh. Somo moja la matamshi kwa wote watatu, kwa Kiingereza peke yake, huwa halimfai hata mmoja wao.

Hoja nyingine dhidi ya urithi wa mwaka 1961 ilikuja kutoka upande wa malengo. Kabla hata ya Makerere, mwaka 1949, David Abercrombie wa Edinburgh aliandika kwamba wanafunzi wengi wa lugha hawahitaji kusikika kama wazawa. Inatosha waeleweke bila kumchosha msikilizaji. Mwaka 1964 Halliday, McIntosh na Strevens walitetea matumizi ya Kiingereza cha kienyeji kama kielelezo katika nchi ambako kimeota mizizi. Mmarekani Clifford Prator akawajibu mwaka 1968, akiuita msimamo huo uzushi wa Waingereza, kwa maana ile ya kanisani. Mhindi Braj Kachru naye akamjibu Prator mwaka 1976. Ni mabishano yenye ladha, na ningependa wenzangu wayasome, lakini kwa darasa la Uganda yalibaki mabishano ya maktaba.

Karibu zaidi na mahitaji yetu ni kitabu cha Jennifer Jenkins cha mwaka 2000. Jenkins aliuliza swali la vitendo: watu wawili wanapozungumza Kiingereza na wote si wazawa, ni makosa gani ya matamshi yanayowafanya wasielewane? Jibu lake liliwashangaza wengi. Zile sauti mbili za "th", ambazo walimu huzihangaikia kwa miaka, hazikuvuruga maelewano. Urefu wa irabu uliyavuruga, na pia konsonanti nyingine karibu zote, na mkazo unaoonyesha neno lipi katika sentensi ndilo la muhimu.

Tuipime orodha hiyo kwa watu wetu. Mswahili wa Pwani anayesema dhahabu na thamani ameshinda vita vya "th" kabla ya kuingia darasani, na ushindi huo, kwa mujibu wa Jenkins, haumsaidii sana. Kiswahili hakitofautishi irabu fupi na ndefu kama Kiingereza, kwa hiyo "ship" na "sheep", meli na kondoo, huchanganyika. Mganda ni kinyume chake. Anasema "zis" na "zat" na mwalimu anamkunjia uso, lakini urefu wa irabu anao tangu nyumbani: okusima ni kuchimba, okusiima ni kushukuru. Irabu za Kiingereza hazitofautiani kwa urefu tu, najua, ila mtoto huyu tayari anasikia kwamba kurefusha irabu ni jambo la maana. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba hicho ni mtaji.

Nina shaka moja juu ya Jenkins, nayo ni kwamba wanafunzi aliowachunguza walitoka Ulaya na Asia. Mkazo wa neno, kwa mfano, aliuona hauna uzito mkubwa. Katika masikio yetu, ambao lugha zetu nyingi zina toni au mkazo usiohama, sina hakika mambo yatakuwa hivyo hivyo. Huo ni utafiti unaosubiri mtu wa huku, na usingehitaji fedha nyingi: Mganda mmoja, Mkikuyu mmoja, Mnyarwanda mmoja, na kinasa sauti cha simu. Rwanda hasa, iliyoamua mwaka 2008 kufundishia kwa Kiingereza na kuwahamisha walimu waliokuwa wamesoma kwa Kifaransa, ingekuwa mahali pa kuanzia.

Jambo moja limebadilika Uganda. Tangu mwaka 2007 mtaala wa shule za msingi unataka darasa la kwanza hadi la tatu lifundishwe kwa lugha ya eneo, na darasa la nne liwe la mpito kuelekea Kiingereza. Mjini hili halifuatwi sana, kwa sababu wazazi wanaolipa karo wanataka kusikia Kiingereza kuanzia siku ya kwanza. Vijijini linafuatwa zaidi. Kwa hiyo yuko mtoto huko Masaka ambaye leo asubuhi ameandika omulimu na emirimu kwenye daftari lake, akasahihishwa na mwalimu wake, na saa mbili baadaye, katika kipindi cha Kiingereza, mwalimu yule yule atamkemea kwa "solly". Vipindi viwili, chaki moja, na hakuna kitabu cha mwalimu kinachomwambia aache emirimu ubaoni, asiifute.

Sekondari ni kazi ngumu zaidi, kwa kuwa mwalimu anaweza kutoka Soroti na wanafunzi wakatoka kila pembe ya nchi. Hatuwezi kumtaka ajue lugha zote. Anachohitaji ni ukurasa mmoja kwa kila lugha: sauti zipi hazimo, zipi zimo lakini zinagawana maeneo, na maneno gani ya Kiingereza yaanze kufanyiwa mazoezi. Kurasa hizo zinaweza kuandikwa na wanafunzi wa isimu wa vyuo vyetu, kila mmoja kwa lugha ya kwao, kama kazi ya muhula mmoja. Ule wa Luganda ungeanza na neno leero.